Nilimjengea mke wangu kaunta ya marumaru ya kweli, akarudi kukata ndimu sakafuni

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za huko mliko.

Uzi huu ni kweli tupu. Anayechekwa ndani yake ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, skuli ya sekondari hapa Unguja. Nakaa Amani, kwenye nyumba tuliyoijenga kwa kudonoadonoa, tofali leo, bati mwakani.

Mke wangu, Mama Salma, anatengeneza achari za ndimu na za embe. Miaka yote anakata ndimu zake amekaa chini, beseni mbele ya miguu. Mwisho mgongo ukamshinda. Daktari akampa mawili achague: aache kuinama au aache achari.

Kuacha achari hawezi. Mtaani hapa nusu ya watu hawalijui jina lake, wanamwita Bi Achari, naye anafurahi.

Basi nikamwahidi nitamjengea kaunta ya jikoni, akate ndimu zake amesimama. Nikamuuliza juu yake tuweke nini. Akanijibu huku anakosha ndimu, hata hakuinua kichwa:

"Nitilie marumaru tu, Baba Salma. Marumaru yatosha."

Wakuu, neno hilo lishikeni. Tutalirudia.

Bajeti yangu ilikuwa ya mwalimu, nadhani sina haja ya kufafanua. Nikaanza kuzunguka kutafuta material.

Kwanza nikaenda kwa shemeji yangu, Chukwani, kuangalia granite. Nyeusi, inang'aa mpaka unajiona meno. Juu yake kuna jagi la maua ya plastiki na kitambaa cha kufumwa. Nikauliza wanapikia wapi, maana hata harufu ya kitunguu hamna. Nikaoneshwa uani: jiko la mkaa, jiko la gesi la sahani moja, na dada wa kazi amechuchumaa anamenya viazi. Eti kule ndani kusije kukachafuka.

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Mtu ananunua jiwe halafu analionea huruma! Jiko la kupigia picha WhatsApp, wali unapikwa nje kama msibani.

Nikaangalia na ule ubao wa maranda uliobandikwa karatasi yenye picha ya jiwe. Huo hata msiniulize. Kwa masika yetu haya, ukimwagikiwa maji mara tatu unavimba kama andazi.

Fundi wangu, Fundi Haji, akaniambia tumwage zege juu ya matofali kisha alipige niru, yaani alisawazishe kwa uji wa saruji mpaka liwe laini. Nikamwambia niru ni ya sakafu ya choo. Akasema haya mwalimu.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi hapahapa mtaani. Mwenye duka akanichangamkia:

"Marumaru zipo, mwalimu. Nyeupe, za maua, sitini kwa sitini, utakazo wewe."

Akanionesha maboksi ya vigae.

Hapo ualimu ukanipanda. Nikamsahihisha mbele ya wateja wake. Nikamwambia hivi ni vigae, vimetengenezwa kiwandani. Marumaru ni jiwe, linachimbwa ardhini. Msituharibie lugha.

"Naam, mwalimu," akasema, akaendelea kupima misumari.

Nikatoka pale kifua mbele. Mke wangu ameomba marumaru, basi atapata marumaru, si vigae vya bafuni.

Nikaingia Mji Mkongwe kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vya majumba yaliyobomoka: milango, mbao za dari, mawe. Akanifunulia gunia. Chini yake kuna vipande vya marumaru nyeupe, vipana, vyenye mishipa ya kijivu.

"Hii, mwalimu, imekanyagwa na wakubwa wa zamani. Hupati tena."

Mwenye akili angejiuliza kwa nini jiwe la kukanyagwa napeleka kwenye chakula. Mimi nikauliza bei. Ilikuwa ndogo kuliko ya granite, kubwa kuliko akili yangu. Nikalipa.

Fundi Haji akalipanga lile jiwe juu ya zege, akaliziba vizuri. Mimi nikamwita Mama Salma, nikampa hotuba fupi kuhusu jiwe na kuhusu neno lenyewe, na jinsi watu wa siku hizi wanavyoita kila kigae marumaru. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Haya. Umejua wewe."

Wanaume wenzangu, mwanamke wa Unguja akikwambia "umejua wewe", rudi nyuma ukaulize upya. Mimi nilidhani nimesifiwa.

Siku ya kwanza alisimama asubuhi nzima akikata ndimu. Niliporudi kutoka skuli akaniambia leo mgongo haukusema kitu. Nikajiona mume.

Kisha akafuta kaunta.

Mng'aro umeondoka. Pale palipomwagika maji ya ndimu pamefifia, ukipitisha kidole panakwaruza. Na kila chupa ya achari imeacha duara lake.

Mnajua nilifanya nini? Nilimgombeza. Nikamuuliza kwa nini hakufuta mapema, na ndimu gani hiyo inayokula jiwe.

Nikaja humuhumu jukwaani kuuliza namna ya kuondoa madoa. Mtaalamu mmoja, jina namhifadhia, akanijibu kwa uhakika wote: sugua na siki. Nikasugua. Palipokuwa pamefifia kidogo pakafifia pote. Mkuu, kama unasoma, nakusalimia, na siki yako iko palepale imebaki nusu.

Nikampigia Fundi Haji. Akacheka kwanza, ndipo akasema.

"Mwalimu, jiwe hilo si damu moja na chokaa? Ndimu na chokaa wapi na wapi! Hata niru yangu ingeliwa, lakini niru ningekupigia tena kwa saruji ya kilo mbili."

Sasa sikilizeni aibu yenyewe ilipo.

Nilimwambia mke wangu asikate tena ndimu juu ya kaunta. Nilisema tulinusuru jiwe lililobaki. Nikaweka pale chupa ya chai, sahani za wageni, na, Mungu anisamehe, jagi la maua.

Akazikusanya ndimu zake, akazirudisha kwenye beseni.

Baada ya siku chache nikarudi kutoka skuli mchana, nikaingia jikoni. Mama Salma yuko chini, beseni mbele ya miguu, anakata ndimu. Kaunta iko juu ya kichwa chake, safi, imepumzika. Akaniona, akaweka kisu pembeni, akanyoosha mkono.

"Nipe mkono, nshashindwa kuinuka."

Nilimwinua kwa mikono miwili. Alikuwa ameuma midomo kwa maumivu. Nikatazama lile jagi la maua nikamkumbuka shemeji yangu wa Chukwani, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye angalau jiwe lake ni zima.

Nikamuuliza, mbona mwanzo uliniambia unataka marumaru?

"Marumaru kama za chooni kwa Bi Mwana hapo jirani. Anamwaga kila dawa, hazidhuriki. Kwani mie nlikwambia kingine?"

"Sasa nilivyoleta hili jiwe mbona hukusema?"

"Ulikuja na hotuba, Baba Salma. Nikasema labda mwalimu ana marumaru yake anayoijua."

Miaka mingi nasahihisha Kiswahili cha watoto wa watu, na mke wangu kaniambia neno moja nyumbani kwangu sikulielewa.

Kesho yake nilikwenda dukani. Mwenye duka akanitazama, hana hata tabasamu.

"Naam, mwalimu. Leo watafuta vigae au marumaru?"

"Marumaru," nikasema.

Akanipa. Kubwa, nyeupe, sitini kwa sitini, ili viungo viwe vichache, maana ndimu inatafuta saruji ya kwenye viungo. Fundi Haji kazimaliza siku moja, juu ya zege lilelile.

Kwa hiyo wakuu wenye bajeti ya kubana: zege la kawaida na marumaru za dukani zinatosha kabisa. Lakini kabla hujanunua chochote, muulize anayepika anamwaga nini pale juu, na akikutajia kitu, mwambie akuoneshe kwa kidole. Usimwendee na kamusi.

Lile jiwe la wakubwa nimeliweka kwenye mlango wa uani, tunakanyagia tukitoka kukosha miguu. Maduara ya chupa bado yanaonekana. Mama Salma akipita na beseni lake la ndimu huniuliza kama anaruhusiwa kulikanyaga.

Haya, uwanja ni wenu, nichekeni. Ila anayetaka kuja kunisahihisha kwamba vile ni vigae, aje Amani kwanza akate beseni moja la ndimu, amekaa chini, kisha ainuke bila kupewa mkono.