Alama ya Daktari Mgongoni mwa Bibi

Likizo hii nilipovuka Garsen nilikuta ile nyumba ya udongo, alimokuwa akitibia mama daktari, imegeuzwa banda la mbuzi. Beberu mmoja alisimama mlangoni akinitazama kama karani, eti nimekuja bila cheti. Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Na kwa kuwa wewe hukumjua yule mama, acha nikusimulie.

Nilikuwa darasa la pili, nikikaa na bibi kando ya mto. Mwaka ule mkono wake wa kulia uligoma. Ulifika usawa wa kifua, basi. Na mpunga wa huku ukianza kuiva, mwenye shamba hupanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, alfajiri na kombeo lake, akawarushia ndege madongo mpaka jua lizame. Nikapanda mimi badala yake. Dongo langu la kwanza lilimpata ng'ombe wa jirani. La pili lilinipata mimi mwenyewe, usiniulize vipi. Ndege wakala. Mjomba akatuma habari kutoka Kau: mwezi ukiandama atakuja na mtumbwi amchukue mama yake akakae kwake, ale, alale, na shamba apewe mwingine.

Bibi aliposikia alitema mate. "Nikakae tu? Kwani mimi chungu?"

Ndipo tukasikia kuna daktari Garsen, mzungu, tena mwanamke. Hilo lilikuwa halijapata kuonekana kwetu. Wanaume walikwenda kumtazama tu, wakarudi wakisema ana viatu vya askari na vidole gumba vya seremala. Kazi yake ilikuwa maumivu ya misuli, hayo tu. Alituambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kupinda, kwamba kule alikosomea madaktari wanaume walimcheka: misuli si ugonjwa, na mwanamke si daktari.

"Nikawaacha wacheke," akasema. "Wagonjwa wao wakaja kwangu."

Mle ndani mlinuka mafuta ya mkaratusi, na vitambaa vilikuwa vikichemka sufuriani. Bibi akaonyesha bega. Daktari akaenda kubonyeza mgongoni, pembeni mwa kombe la bega.

"Mwanangu, naumwa huku mbele!"

"Najua, mama. Tulia."

Alipogandamiza, bibi alitoa sauti niliyokuwa sijaisikia kwa mtu mzima, na akaapa kwamba uchungu umeruka kutoka mgongoni mpaka begani. Daktari akafurahi kama aliyeokota shilingi. Akachora alama pale pale kwa dawa ya zambarau. Foleni ilikuwa ndefu, akamwambia bibi arudi kesho, naye daktari ataanza kazi penye alama.

Jioni jirani yetu mfugaji akatuletea maziwa. Huyu alikuwa fundi wa kuchoma: kwao ukiumwa mgongo unachomwa chuma cha moto mgongoni, ukiumwa goti, gotini. Yeye mwenyewe alikuwa na makovu kama chui. Akaiona alama, akaikagua kwa heshima.

"Mama, huyu daktari anajua kazi! Amekuonyesha mahali. Alikosa moto tu."

Bibi akawaza, akaona ni kweli: nani atamchora mtu bure? Akauma kanga. Nikasikia chwaaa, nikanusa nyama, na aibu ikanishika kwa sababu nilikuwa na njaa.

Asubuhi daktari akafunua kanga, akakuta kidonda cha moto juu ya alama yake. Jirani, aliyetusindikiza, akajitokeza kifua mbele. "Wewe ulipiga alama, mimi nikamaliza kazi."

Nilidhani atamzaba kofi. Akamwambia avue shati. Akapitisha kidole kutoka kovu hadi kovu, polepole, kisha akagandamiza juu ya nyonga, mahali pasipo na kovu hata moja. Mtu anayelaza fahali kwa mikono mitupu akaita mama yake.

"Wamekuchoma panapolia," daktari akamwambia. "Panapoliza ni hapa."

Tangu siku hiyo jirani akawa mfuasi wake. Lakini kidonda cha bibi hakikubali kuguswa, na mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Daktari akaweka vitambaa vya moto kandokando yake, akamfundisha jirani kuuvuta ule mkono kidogokidogo kila asubuhi. Kidonda kilipokauka akaingia na vidole gumba vyake. Bibi alimtukana matusi ambayo shuleni yamenifaa sana. Nusu ya mpunga ilikuwa tayari tumboni mwa ndege.

Mjomba akaja na mtumbwi. Alipokaribia ukingo, dongo likatua majini mbele ya omo, ile ncha ya mtumbwi, akalowa mpaka kofia.

"Mama! Unataka kuniua?"

"Ningetaka ningekupata," bibi akajibu kutoka dunguni. "Funga mtumbwi uje ufukuze ndege, au geuza urudi kwa mkeo."

Akafunga mtumbwi. Shamba likabaki letu.

Mafuriko yaliyofuata yalipopungua, daktari akahamishwa, na hajaja mwingine wa kazi yake. Anayepita siku hizi na sanduku hutoa vidonge vyeupe vilevile kwa goti, kwa jino na kwa mimba. Jirani alihamishia ng'ombe wake upande wa Nanighi. Bibi tulimzika mwaka jana, mikono yake yote miwili mizima.

Mimi huko bwenini naumwa mgongo kwa kuinamia dawati, pembeni mwa kombe la bega. Najua kabisa pa kubonyeza. Nimejaribu kwa ukuta, kwa pembe ya kitanda, hata kwa rula ya mwalimu. Mkono wangu mwenyewe haufiki.