Nilivyopanda Jukwaani Kumtunza Rehema

Mimi Maduhu hudai ushahidi wa kila kitu, hata wa mahubiri. Lakini hapa Mwanza juzi, bendi kubwa ya jazi ikipiga huku skrini nyuma yao ikionyesha filamu ya njama za watawala wa siri wa dunia, nilijitungia njama yangu. Rehema, ninayemkumbuka tangu nimsindikize kwenye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, tukiwa chuo, alipuliza saksafoni akinitazama. Basi bado ananipenda! Nikapanda kumtunza, noti juu. Kivuli cha mkono wangu kikajaa kwenye skrini.

"Mkono wa siri huo!" watu wakacheka.

"Nimeyaona macho yako," nikamwambia.

Akaninong'oneza, na kipaza sauti kikausikizisha ukumbi mzima: "Maduhu jamani, nilikuwa namtazama mume wangu, nyuma ya kiti chako, anayeendesha projekta. Shuka, unamzibia picha."