Raba Kumi za Breki na Samli ya Bibi

Juzi, kwenye duka la sipea mjini Kahama, kijana wa kaunta alichana pakiti ya raba mpya za breki mbele ya pua yangu. Harufu yake mnaijua: kali kidogo, na juu yake ile poda nyeupe, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kijana akaniangalia. "Mama, vipi, unajisikia vibaya?" Nikamwambia niko salama, aendelee. Sikuwa salama. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu tisa, nimekaa nyuma ya Landrova inayoanza kuteremka, na kuna neno moja sijamwambia baba.

Wanangu nimewasimulia kisa hiki mpaka siku hizi wakiniona navuta pumzi wanakumbuka kazi za nje. Kwa hiyo nawapa ninyi.

Tulikaa ng'ambo ya Segese, kwenye kijiji kilichokuwa na kanisa, zahanati ya masista na ghala la pamba. Nyuma ya ghala ililala Landrova ya misheni. Ilikuwa imelala muda mrefu kiasi kwamba kuku wa kijiji kizima, na mama zao, na bibi zao, walikuwa wametagia humo. Kutu yake ingetosha kutengeneza reli ya kufika Mwanza. Siku Sista Paskazia, mkunga wetu, aliposema gari lile lifufuliwe, watu walicheka mpaka nje ya kanisa. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, baba yangu.

Baba alijifunza ufundi kwenye mgodi wa almasi kule upande wa Songwa, kwa kuosha magari ya watu huku masikio yake yakiwa ndani ya injini. Aliazima maksai jozi tatu, akaivuta Landrova hadi uwanjani kwetu, na kuanzia siku ile mama alilala na harufu ya grisi zaidi kuliko ya mumewe. Kijiji kiliacha kucheka taratibu. Wote tulikuwa tumeona wanawake wenye uchungu wakipelekwa hospitali kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana, na tulijua ni wangapi waliorudi na kitanda kikiwa kimefunikwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilikuwa hadithi. Baba alikata gasketi kwenye ngozi ya mbuzi, bushi akazichonga kwenye matairi ya zamani, na feni ya injini, msinicheke, ilifungwa mkanda uliotokana na mshipi wa Katekista. Lakini raba za breki alikataa kata kata kuziiga. Alisema, "Hapa siwezi kubahatisha. Pedali ikikanyagwa, ni hizi raba zinazosukuma. Zikivuja, gari halina breki." Zilikuwa kumi: nane za magurudumu, mbili za pampu kuu. Padri aliagiza zitafutwe, na tulizisubiri miezi saba. Kila baiskeli iliyotokea barabara ya Kahama, baba alisimama.

Zilipofika alinionyesha mimi kwanza. Vikombe vidogo vyeusi, vyepesi, vimelala kwenye poda. Akafunga boksi, akanikabidhi, maana anakwenda Kahama kufuata mafuta ya breki na nyumbani mtu makini, alisema, ni mimi.

"Kabula, hizi zisiguswe. Zikae hivi hivi mpaka nirudi."

"Ndiyo, baba."

Sasa hapo mnijulie bibi yangu, mama yake baba. Bibi aliamini dunia nzima ina ukavu, na dawa ya ukavu ni samli. Ngozi ya ngoma ilipakwa samli. Mikanda ya viatu, mipini, visigino, mtoto mchanga kabla hajafungua macho, vyote samli. Kitu kipya hakikuanza kazi nyumbani kwetu kabla bibi hajakipaka. Redio ya baba ilipofika, ilinusurika kwa sababu baba aliilalia.

Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi kimepasua hata midomo ya ng'ombe. Bibi akanikuta nimelikumbatia boksi.

"Nionyeshe."

"Bibi, baba amesema zisiguswe."

"Baba yako nimemfundisha mimi kuvaa suruali. Lete." Akaibonyeza raba moja kwa kidole. "Unaona? Ngozi ya mnyama gani hii? Kavu. Kwa jua hili zitapasuka kabla hajarudi, halafu atakuuliza wewe, si mimi. Lete kibuyu."

Ningeweza kumlaumu bibi tu, kisa kikawa chepesi. Ukweli ni kwamba niliona ana akili. Nilikwenda mbio kuchukua kibuyu. Nilizitumbukiza mwenyewe, moja moja, nikizihesabu, na samli ya joto ikazimeza. Nilijisikia nimeiokoa Landrova.

Baba alichelewa, siku nne. Nilipozitoa raba zilikuwa zimenona. Siongezi chumvi, au nikiongeza ni kidogo: ziling'aa kama watoto wa tajiri. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kupepesa jicho mara mbili, kisha nikakumbuka poda. Poda haikuwapo tena. Baba akifungua boksi ataona. Nikazifuta kwa kanga mpaka vidole vikauma, nikaingia jikoni, nikachukua unga wa muhogo, nikazinyunyizia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya kosa. Mtu anayenyunyiza unga kwenye raba ya gari hawezi kujiambia yuko sawa.

Baba alirudi na kikohozi cha vumbi, hata hakupumzika. Alinawa mikono kama padri kabla ya misa, Sista Paskazia amesimama kando anangoja, akaniita nimshikie kopo. Akaichovya raba ya kwanza kwenye mafuta ya breki, akaisukuma kwa kidole gumba ndani ya silinda ya gurudumu. Ikaingia kwa kusita. Ya pili ikagoma. Akaizungusha, akaibinya, ikakataa, akaitoa, akaitazama kwenye mwanga. Nilitazama kucha zangu.

"Kabula."

"Abee, baba."

"Hizi raba zilikuwa wapi?"

"Kwenye boksi, baba."

Alinitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, lakini mimi nilikaa nao mwaka mzima. Kisha akasema, "Siku hizi wanazitengeneza nene," akaisukuma kwa nguvu, ikaingia. Akafunga zote kumi. Kila moja ilipoingia ilitoa mlio mdogo wa kubanwa.

Ijumaa aliizungusha Landrova uwanjani. Ilisimama pale alipotaka, watu wakapiga makofi. Jumamosi ilikuwa nzito, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Baba alishuka, akagusa gurudumu, akavuta mkono haraka. Lilikuwa la moto. "Zinabana kidogo," alimwambia Sista. "Zitazoea." Sista akasema basi kesho baada ya misa gari literemshwe hadi darajani, wananchi walione, na Jumatatu lianze kazi.

Mteremko wa darajani mngeuona msingeniuliza mbona sikulala. Ulikuwa mrefu, mwekundu, umechimbwa na mvua, unashuka moja kwa moja kama mtu aliyeghadhibika, na chini kabisa kuna kona na daraja la magogo. Baiskeli iliwahi kumshinda mtu pale tukamkuta mtoni, amekaa, bado ameshika usukani.

Usiku huo sikumwambia baba. Nilimwambia bibi.

"Bibi, ile samli. Naogopa breki."

"Samli imemdhuru nani tangu dunia iumbwe? Lala."

Asubuhi kabla ya kengele niliiba hendeli, kile chuma cha kuwashia gari, nikakisukuma chini ya kitanda cha bibi. Landrova ile bila hendeli haikuwaka. Nilikwenda misani nikiwa mwepesi, nikaimba kuliko kwaya. Tulipotoka nilimwona bibi uwanjani, kavaa kitenge chake cha Pasaka, ameshika hendeli mkononi kama fimbo ya chifu.

"Baba Kabula, chuma chako kimenipiga kisigino. Sogea, nikae mbele."

Akapanda kiti cha mbele, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa hajapanda kitu chenye magurudumu zaidi ya mkokoteni. Baba akanipakia nyuma. Watu wengine wote walikuwa wameshatangulia chini, wamejaa darajani, wanawake, watoto, kwaya, Sista katikati kwa gauni jeupe. Kutoka juu walionekana wadogo kama punje za mtama. Walikuwa wanaimba. Walikuwa wamesimama juu ya magogo, barabarani, pale pale gari litakapopita.

Baba akavuka ukingo. Pua ya Landrova ikainama. Aliingiza gia ya tatu, nadhani alitaka kuteremka kwa maringo kidogo, na nani angemnyima. Bibi akacheka, akashika kitambaa cha kichwa. Upepo ukaanza kuingia.

Nikauambia mgongo wa baba, na sauti iliyotoka haikuwa yangu:

"Baba, zile raba zililala kwenye samli siku nne."

Hakugeuka. Nilidhani hajasikia. Kisha nikaona misuli ya shingo yake ikikaza, na mguu wake ukaenda kwenye pedali. Ukazama hadi chini. Akaipiga tena, ikazama tena, na kutoka gurudumu la mbele harufu ikapanda, kitu kinachoungua, na ndani yake, nawaapia, jikoni kwa bibi.

"Mama, shika chuma hicho kilicho mbele ya kiti chako. Kabula, lala chini."

Sikulala. Nilimwona akiirudisha gia ya pili, injini ikapiga yowe, gari likajizuia kwenye mwendo wake kama punda aliyekataa. Akavuta hendibreki, ile ya fimbo, isiyotumia raba wala mafuta, taratibu, taratibu, maana ukiivuta kwa ghafla gari linageuka ubavu. Akaingiza ya kwanza. Kitu chini kikalia kama chungu kinachopasuka. Bibi alikuwa anasali kwa Kisukuma na kwa Kilatini cha misa, vyote kwa wakati mmoja. Watu darajani walidhani ni mbwembwe, wakazidisha vigelegele. Hakuna aliyesogea.

Baba hakupiga honi, haikuwapo. Alitoa mkono nje akaupunga, wakampungia.

Hatua mia moja kabla ya kona kulikuwa na kichuguu pembeni, kikubwa kama nyumba, leo nikikumbuka nakiona kikubwa kama kanisa. Baba aliipeleka Landrova pale kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. Ubavu ukakwaruza udongo, ukakwaruza tena, na tukasimama. Injini ikazima. Nyimbo za darajani zikaendelea zenyewe.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Tumefika?"

Sista alipanda mteremko anakimbia, gauni mkononi. Nilikuwa nimeshajiandaa: kitaitwa kikao, nitatajwa, bibi atatajwa, na kijiji kitacheka mpaka nizeeke. Baba alisimama mbele yake, mikono myeusi.

"Sista, kosa ni langu. Nilizifunga vibaya. Itabidi tuagize nyingine."

Jioni alizitoa raba, zimevimba kama uyoga wa masika, midomo yake imejikunja, akazifukia nyuma ya choo. Hakunichapa. Bibi hakuambiwa kitu. Aliacha mwenyewe kupaka vitu visivyo vyake, kwa wiki tatu nzima. Raba nyingine zilikuja baada ya miezi mitano. Ndani ya miezi hiyo kitanda cha kamba kilipita kwetu mara mbili, na kila kilipopita baba aliingia ndani akakaa.

Kwa miaka mingi nilimsimulia baba kwa watu kama mtakatifu: mtu aliyebeba kosa la binti yake na la mama yake mbele ya kijiji. Nilikua, nikaolewa, nikiwa na watoto wanne nikaingia masomo ya jioni, na mwalimu wa sayansi akatufundisha kwamba mafuta ya wanyama hupenya kwenye mpira wa asili na kuuvimbisha. Niliruka kwenye dawati la watoto mpaka likavunjika mguu. Mwisho wa wiki nikapanda basi hadi kwa baba, mzee sasa, nimfundishe jambo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hilo nililijua siku ile," alisema. "Raba ya pili iliponigomea, kidole changu kilijua. Hata harufu niliisikia, kikohozi hakikunizuia. Lakini nilikuwa nimesubiri miezi saba, mwanangu, na Sista amesimama pale anangoja. Nikakuuliza wewe, mtoto, ili unijibu nilichotaka. Ukanijibu."

Alichukua kikombe chake cha chai, akakiangalia, hakunywa.

"Nilipomwambia Sista kosa ni langu, ulifikiri nawafichia?"

Alikuwa amemwambia Sista ukweli, mchana kweupe, na katika watu wote waliokuwa pale mteremkoni hapakuwa na hata mmoja aliyemsikia.