Udongo wa kaburi la kaka yangu ulivyopakiwa pamoja na mawe ya mpima miamba, kaskazini ya Chunya

Kamwene wakuu, Bwana asifiwe.

Mimi ni mzee wa Kalenga, Iringa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na Mungu ni shahidi, sijaongeza chumvi.

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, mimi na kaka yangu Zakaria tulipata kazi kwa Mzungu mmoja mpima miamba. Tulimwita Bwana Mawe.

Alikuwa anachora ramani ya miamba ya lile bonde la kaskazini ya Mbeya, kupita Makongolosi, kuteremkia upande wa Ziwa Rukwa. Tulitembea kwa kufuata dira. Kila mwamba ulipochomoza, aligonga kipande kwa nyundo, akakitia kwenye kifuko cha turubai chenye namba. Sampuli hizo tulibeba sisi.

Zakaria alikuwa mcheshi. "Dhahabu ya Makongolosi wameimaliza, sasa wanakula miamba yenyewe. Mdogo wangu, nyumbani wakiuliza tulibeba nini, sema mahindi."

Nyapara wetu, Mnyakyusa, akamjibu, "Nyie Wahehe hata mahindi mngesema mazito. Tembea!"

Tulicheka sana.

Homa ilimkamata Zakaria huko huko bondeni. Gari lilikuwa limekwenda Chunya kuchukua unga na maji, nyapara yumo. Kwinini alimeza, akatapika. Alipoanza kukojoa mkojo mweusi, Bwana Mawe aliacha kazi akakaa naye. Mimi nilisoma zaburi zote nilizozijua kwa moyo. Zilipoisha nikazirudia.

Alifariki kabla gari halijarudi.

Wakuu, niseme kitu hapa. Nyumbani kwetu, mtu akifia mbali mkashindwa kumrudisha, mnarudi na udongo wa kaburi lake. Unazikwa nyumbani, mama anapata mahali pa kulilia. Sisi ni Walutheri, na mchungaji wetu aliusalia udongo huo bila shida.

Tulichimba, chepe likagonga mwamba. Tukasogea, mwamba tena. Safari nzima tulikuwa tunautafuta mwamba, na siku hiyo haukutaka kutuachia nafasi ya mtu mmoja.

Bwana Mawe akafungua ramani yake, akatupeleka kwenye ukingo wa mto mkavu, penye udongo. Tukamzika pale.

Nikachota udongo kwa mikono, sina pa kuuweka. Bwana Mawe, kofia mkononi, akanipa kifuko chake kimoja. "Humu hautamwagika," akasema. Ule ulikuwa wema, na mpaka leo namshukuru.

Siku iliyofuata homa ikanishika na mimi. Gari liliporudi walinipakia sijitambui. Bwana Mawe akiwa garini ananishikilia, nyapara akakusanya kila kifuko kilichokuwa kambini, asijue changu kina nini, akavipigilia vyote ndani ya sanduku.

Nilizinduka hospitali ya Chunya, nyapara ameketi pembeni.

"Kifuko changu kiko wapi?"

"Kipi? Vyote ni vya Bwana. Vimeshaondoka na lori."

Nilipomweleza, alishika kichwa. "Ndugu yangu, nimefanya nini mimi?"

Bwana Mawe alituma ujumbe maabara, mawe yanakopimwa, kuuliza. Jibu lilikuja: sampuli zimeshasagwa, mabaki yametupwa. Na kabla sijapata nguvu za kurudi bondeni, mvua zilinyesha, mto ukaula ule ukingo wote.

Nyapara alinisindikiza hadi Mbeya. Stendi akaniambia kwa huruma kabisa, "Chota hapa hapa. Udongo ni udongo, mama yako hatajua."

Nilishainama, wakuu. Mkono uligusa chini. Nikaona nitamfanya mama yangu aililie stendi. Nikainuka.

Nyumbani, habari ya msiba ilikuwa imenitangulia. Mama akatandika kanga chini, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mwanangu," akasema.

Nikamweleza ukweli wote. Hakulia. Aliikunja ile kanga polepole, pembe kwa pembe, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo mama hakukanyaga tena makaburini, hata kumzika jirani. Watu walimsema. Alifika pale siku tuliyombeba sisi wenyewe.

Mchungaji aliniambia Mungu analijua kila kaburi. Naamini hivyo, na namshukuru kwa miaka mingi aliyonijalia. Lakini mama hakuwa na shaka kwamba Mungu anajua. Alitaka ajue na yeye.

Nilichojifunza: usimwambie aliyefiwa kwamba udongo ni udongo. Na ukweli niliousema siujutii, ila sikuwahi kuona umemsaidia mtu yeyote.

Kama yupo humu aliyewahi kurudi kwa mama yake mikono mitupu, aniandikie hapa alimwambia nini. Nitasoma yote, taratibu.