Fulana ya Kaka ya Kuzuia Risasi

Biashara ya mpunga ilipomnyookea, kaka yangu alianza kuamini kwamba watu wanataka kumuua. Hakuna aliyemtishia. Nadhani ilimuuma tu kukosa adui, maana matajiri wote aliowajua walijisifia maadui wao.

Tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda Iringa kwenye harusi ya binamu yetu: mimi, yeye na mkewe. Akasimamisha gari Mwanjelwa, kwenye duka la sare na buti za walinzi. Muuzaji akatuletea fulana mbili za kuzuia risasi. Moja ilikuwa nyepesi, ya kuvaliwa chini ya shati, inazuia risasi za bastola. Ya pili ilikuwa na mabamba ya chuma mbele na nyuma, kwa ajili ya bunduki kubwa.

"Bosi, kama ni wa kukaa kwenye gari, chukua hii nyepesi," muuzaji alimshauri. "Ile itakuchosha."

"Nyepesi wape watoto."

Akaivaa ile nzito, akasimama mbele ya kioo, akavuta tumbo ndani. Mikanda ya ubavuni haikufika, ikabidi iungwe kwa kamba. Wifi yangu akauliza taratibu, "Na mimi je? Si tunakaa pamoja huko mbele?"

"Nani apoteze risasi kwako?" Kaka akacheka, akamgeukia muuzaji ili wacheke wote. Muuzaji akainama, akajifanya anatafuta mfuko.

Mimi nilimtazama kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, niliyekuwa nikimwamkia kwa kupiga goti, nikatoka dukani bila kumsubiri.

Tulipokaribia Igawa tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo. Kaka akakanyaga breki, akafungua mlango gari likiwa bado linatembea, akajitupa mtaroni. Alituacha humo ndani. Wifi ndiye aliyenyoosha mkono akavuta breki ya mkono, gari likasimama.

Akina mama waliokuwa wanauza vitunguu kando ya barabara wakaja mbio.

"Baba ana kifafa?" mmoja akauliza.

"Hana," wifi akajibu. "Amevaa chuma."

Alikuwa amelala chali, anatapatapa, hawezi kuinuka. Tulimnyanyua kwa kumshika makwapa, watu wanne. Kisha akalalamika kwamba bega linamuuma, akakaa kivulini. Wifi akajifunga khanga juu ya gauni lake la kwendea harusini, akabadilisha tairi. Mimi nilimshikia spana.

Ukumbini Iringa, kaka akawasimulia wageni kuhusu majambazi wa Igawa.

"Niliwakinga hawa wanawake kwa mwili wangu," alisema, na watu wazima na akili zao wakapiga makofi.

Wifi akanyanyuka na sahani yake, akahamia meza ya wapishi kule nyuma. Nikamfuata. Wakatusogezea benchi, tukala.