Dubwi la Kona

Fundi cherehani wa soko la Nyarugusu hucheza dubwi moja tu, lile la kona, kwenye kibanda cha kamari kinachotazamana na meza yake ya kushonea. Kabla ya kutumbukiza sarafu huifuta kwenye shati, kisha hutega sikio asikie inavyodondoka, kama anavyosikiliza cherehani yake. Futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, ingawa siku hizi vitambaa vya watu vimelala bila kukatwa. "Imeshiba," hutuambia kwa sauti ya chini. "Mashine iliyokula hivi lazima itapike."

Jumamosi mkewe, Anisia, alikuja amejifunga kitenge cha msiba. Gari la kwenda Ushirombo kumzika mama yake fundi lilikuwa limeshawashwa. "Baba Festo, anayesubiriwa ni wewe tu." Akajibu bila kugeuka, "Nikiinuka sasa, mwingine ataikuta tayari." Melania, anayechenji sarafu pale, alimwambia taratibu, "Fundi, hii haikumbuki imekula nini. Kila mchezo unaanza upya. Nenda ukamzike mama." Fundi alimtazama kwa huruma, kana kwamba Melania ndiye asiyeelewa. Anisia akaenda kupanda gari. Gari lilipokwisha kupotea barabarani, dubwi likamwaga sarafu, kiganja kizima. "Hiyo nauli ya pikipiki. Wafuate," Melania akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka fundi. "Si mmeona? Ndiyo kwanza imeanza," alisema, akaanza kuzirudisha moja moja.