Maiti wa Wiki ya Nyekundu

Ninalotaka kuwaeleza hapa hamtaliamini, na wala siwabembelezi. Kunjeni midomo, tikiseni vichwa, semeni "huyu mzee ameanza tena", halafu msome mpaka mwisho kama kawaida yenu. Shule mimi niliiacha, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Lakini macho ninayo. Na kwa macho haya nimeona mtoto wa dada yangu akitangazwa maiti, akipigwa akiwa maiti, kisha maiti akainuka akawavunja waliokuja kumzika.

Mpwa wangu huyu ni muuza nyama. Usimfikirie mwanamke wa kukaa kwenye kigoda akifukuza nzi. Kuanzia alfajiri anasimama nyuma ya gogo, shoka mkononi, na akipasua mfupa wa paja, jirani mwenye duka la vitambaa anasubiri ukuta utulie ndipo aendelee kupima. Kuna kibaka aliwahi kupenyeza mkono kwenye droo yake. Alichapwa kwa mguu mzima wa ng'ombe. Mpaka leo kijana yule akikutana na ng'ombe njiani anamwamkia.

Sasa mtu wa namna hiyo anapenda nini? Maua. Ndege. Ukungu juu ya bwawa. Kwenye simu yake kuna kundi la watu waliotawanyika huku na huko, ambao hawajawahi kuonana, wanaotumiana picha za safari na za porini. Kila Jumatatu muuguzi mmoja mstaafu, ambaye wote wanamwita Mama Mada, anatoa mada ya wiki: maji yaliyosimama, njia isiyo na mtu, kivuli kirefu. Kila mmoja anakwenda kuitafuta, anapiga, anatuma kabla jua la Jumapili halijazama. Na Mama Mada ana sheria, usicheze naye. Picha iwe ya wiki hiyo hiyo. Iwe ya mahali ulipofika kwa miguu yako. Na ukikosa wiki mbili mfululizo unatolewa kundini, hurudi hata ulie damu.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kukosa moja. Ulikuwa msimu wa harusi, watu wanagombania maini, bucha halifungwi.

"Mjomba," aliniambia, "wenzangu wananionyesha milima na maziwa. Mimi toka asubuhi naangalia mbavu. Nikitolewa kule nabaki na mbavu peke yake."

Hakulia. Ila alipasua mfupa ambao ulikuwa umekwisha kupasuliwa.

Mada ya wiki ile ilikuwa Nyekundu.

"Si upige hiyo aproni yako tu?" nikamshauri.

Alinitazama. Nikakumbuka nina shughuli nje.

Jumapili wateja hawakuisha mpaka alasiri. Mmoja wao alikuwa amemdokezea kwamba nyuma ya machimbo ya mchanga, kwenye kingo iliyosimama wima, ndege wekundu waitwao keremkerem wametoboa matundu na kuzaa. Basi hakuvua aproni, hakunawa, aliruka nyuma ya pikipiki yangu na damu ya mafahali mpaka kwenye viwiko. Mimi nilivaa shati langu la njano la maua, lile linalowafanya wajane wacheke kabla ya wakati wake.

Ndege hawa hawataki mtu aliyesimama. Mama Mada aliwafundisha wote: lala kifudifudi, tegemeza simu kwenye jiwe, tulia mpaka ndege wakusahau. Mpwa wangu akalala chini ya kingo, uso kwenye majani, kidole gumba juu ya kioo. Mimi nikabaki juu, pembeni kidogo, kulinda pikipiki. Ndege waliokuwa wametushtukia wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kama makaa yanayotupwa hewani.

Ndipo wakatokea wachimba mchanga, wanaume watatu, makoleo mabegani na panga moja. Machimbo yale hayakuwa na kibali, ndiyo maana walichimba Jumapili.

"Jamani. Kuna maiti."

"Imetoka wapi?"

"Imetupwa! Huoni damu?"

"Tumekwisha. Polisi wakifika hapa, hii kazi imefungwa na sisi tunalala ndani."

"Basi tuifukie. Vuta, tuisukumie shimoni."

Yeye alikuwa anasikia yote. Neno moja tu lingetosha: "Nipo hai, jamani." Lakini neno lingefukuza ndege, na jua lilikuwa limekwisha kushuka. Akanyamaza.

Wa kwanza akampiga teke la mbavu, kupima. Majani yakamwingia mdomoni, akayauma. Wa pili akamshindilia mpini wa koleo mgongoni, kwa nguvu ya mtu anayejihakikishia. Hakutikisika. Wa tatu, mwenye panga, akamkanyaga mkono wa kushoto kwa buti, akazungusha kisigino kama anayezima sigara. Kucha mbili zilibaki pale mpaka kesho yake. Hakutikisika! Mimi kule kwenye pikipiki jasho lilikuwa linanitoka kwa niaba yake.

Kisha yule wa panga akaona jiwe, na kilichoegemea jiwe.

"Mbona maiti ana simu nzuri?"

Akainama kuichukua.

"Iache," maiti akasema.

Wa kwanza alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume, akaangukia magotini. Ndege wote wakalipuka kutoka kwenye matundu kwa pamoja, kingo nzima ikawaka, na kidole gumba kikabonyeza. Hapo ndipo alipoinuka.

Koleo la yule wa pili likamkuta begani. Mfupa wa mtulinga ulilia, na yeye sauti ya mfupa anaijua kuliko ya mama yake. Akaudaka mpini kwa mkono mzima, akamvuta mwenyewe, akampa kichwa cha uso. Pua ikalala upande. Damu iliyoruka kwenye aproni sasa haikuwa ya fahali. Panga likashuka, likapita kwenye sikio, kipande kikabaki kinaning'inia. Hakupiga hata kelele. Alimrushia mwenye panga mchanga wa macho, akamkamata kifundo cha mkono pale pale anapokamata mguu wa mbuzi akitafuta kiungo, akazungusha. Kiungo kilifunguka. Mtu mzima akamwita mama yake, na panga likaanguka.

Alimlaza, goti shingoni. Akaliokota panga, akaliinua. Kichwa cha yule mtu kilikuwa kimelala ubavu juu ya kisiki, sawasawa na vitu vinavyolala juu ya gogo lake kila siku. Nilimwona uso, na sitaki kuuona tena. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa kazini.

"Dada," yule mtu akasema, mchanga mdomoni, "nilidhani umekufa."

Panga lilikaa juu. Halafu akageuza macho, akatazama jua. Lilikuwa limebaki ukingo tu. Akalitupa panga shimoni, akaokota simu iliyopasuka kioo, akapanda juu ya kingo kutafuta mtandao. Bega limeshuka, sikio linachuruzika, kidole kinateleza kwa damu kila akibonyeza. Chini, wale wawili wazima kidogo walikuwa wanamkokota mwenzao kuelekea barabarani.

Picha ikaenda. Jua likazama.

Kundi zima lilipagawa. Walisema hawajaona wekundu wa aina ile. Mama Mada, ambaye husifu kama anayetoa jino, aliandika: "Hongera binti. Na lile ua la njano juu ya kingo limeikamilisha. Ni ua gani?" Walibishana siku nzima kuhusu ua lile. Mimi sikuona sababu ya kuwasumbua wataalamu.

Mpwa wangu bado yupo kundini. Mkono mmoja umefungwa kifuani, anapasua mifupa kwa uliobaki, nami nakaa hapa kwenye benchi la bucha nikiandika huku nikipokea salamu za wateja.

Sasa mtauliza, na wewe mjomba mtu ulikuwa wapi? Swali la watu wazima. Mnadhani wanaume watatu wanaangushwa na mwanamke mmoja bila msaada? Mwenye panga alikuwa wangu! Nilishuka kwenye pikipiki kama radi, nikamkunja kola, nikamwinua juu kwa mkono mmoja, miguu inapiga hewa, na kwa mkono wa pili nikawa nime

"Mjomba."

Amesimama nyuma yangu. Sijui amesoma kuanzia wapi. Ameniwekea simu mbele ya pua, ile yenye kioo kilichopasuka, na ameikuza picha kwa vidole viwili mpaka ua la njano limejaa kioo kizima.

"Hili ua mbona lina miguu?"

"Picha ikikuzwa sana, mwanangu, inadanganya."

"Na linakimbilia wapi?"

"Nilikuwa nazunguka ili niwavamie kwa nyu